Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania na Kampasi ya Nyegezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanaulizwa sana na wazazi, waombaji, wahitimu na wanafunzi wa historia waliopo Dar es Salaam. Hapa mjini jina la SAUT, kifupi cha Kiingereza cha chuo hiki, linajulikana kila mtaa, ila wengi wanaolitaja hawajawahi kukanyaga Nyegezi, Mwanza. Tumeanza na historia kwa makusudi, maana makosa mengi yanayoonekana kwenye wasifu, hotuba za mahafali na hata magazetini yanatokana na tarehe na majina yaliyochanganywa. Mambo ya safari, udahili na vyeti yako chini.

SAUT ilianzishwa mwaka 1960, 1998 au 2002?

Miaka yote mitatu ni ya kweli, lakini haizungumzii jambo moja.

Mwaka 1960 ndipo kilipoanza kituo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, Mwanza, ambacho baadaye kilijulikana kama Taasisi ya Mafunzo ya Jamii Nyegezi, kwa kifupi NSTI. Hakikuwa chuo kikuu na hakikutoa shahada. Mwaka 1998 taasisi hiyo ilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania kwa uamuzi wa maaskofu Katoliki. Mwaka 2002 chombo cha serikali kilichokuwa kikisimamia elimu ya juu kiliipa SAUT ithibati.

Kwa hiyo, ukiandika kuhusu mahali, sema 1960. Ukiandika kuhusu chuo kikuu, sema 1998. Ukiandika kuhusu kutambuliwa na serikali, sema 2002. Kosa linaloudhi zaidi ni la kuandika kwamba chuo kikuu kimetoa shahada tangu 1960, kwa sababu linafuta karibu miaka 40 ya kazi nyingine kabisa iliyofanyika pale, kazi ya stashahada na mafunzo mafupi, ambayo wahitimu wake wana haki ya kukumbukwa kwa jina la NSTI.

Hali hii si ya SAUT peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kamili chenye kujitegemea mwaka 1970. Mtu akikuuliza UDSM ina umri gani, na wewe itabidi umuulize anahesabu kutoka wapi.

Nani alianzisha kituo cha Nyegezi, na kwa nini Mwanza badala ya Dar es Salaam?

Mwanzilishi ni Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wanawaita Mapadre Weupe. Aliongoza Jimbo la Mwanza tangu lilipoundwa mwaka 1953 hadi 1965, akapokewa na Askofu Renatus Butibubage mwaka 1966. Tahadhari moja kwa waandishi: msimwite Blomjous askofu mkuu wa Mwanza. Mwanza ilikuwa jimbo la kawaida wakati wake, na haikupanda kuwa jimbo kuu hadi mwaka 1987.

Kuhusu mahali, tazama ramani ya wamisionari. Shirika hilo lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, na wamisionari wake wa kwanza walifika kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1878. Moja ya misheni zao za awali ni Bukumbi, si mbali na Nyegezi. Pwani ilikuwa na mashirika mengine: Mapadre wa Roho Mtakatifu walitangulia Bagamoyo mwaka 1868, na Wabenediktini wakaja Pugu mwaka 1888, wakajenga baadaye kanisa la Mtakatifu Yosefu hapa mjini kati ya 1897 na 1902. Kila shirika lilikuwa na eneo lake, na Mapadre Weupe hawakuwa na sababu ya kujenga taasisi yao kwenye eneo la wenzao.

Ipo sababu ya pili, na kwetu ndiyo nzito zaidi. Mwaka 1960 Tanganyika ilikuwa inaelekea uhuru, na Usukuma ilikuwa kitovu cha ushirika wa pamba. Vyama vya msingi vilihitaji makatibu, watunza hesabu na viongozi waliojua kuendesha mkutano na kusoma mizania. Nyegezi ilikuwa jibu la Kanisa kwa uhaba huo. Ndiyo maana mizizi ya chuo hiki haiko kwenye teolojia wala falsafa, kama wengi wanavyodhani wakisikia neno Katoliki. Iko kwenye mafunzo ya jamii, uhasibu na uandishi wa habari. Anayeshangaa kwa nini SAUT ilipata jina mapema katika mawasiliano ya umma na biashara, jibu liko hapo.

Kama Kanisa lilikuwa na kituo tangu 1960, kwa nini lilisubiri hadi 1998 kuwa na chuo kikuu?

Lilisubiri kwa sababu ya sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, na shule kubwa za Kanisa, Pugu ikiwa mojawapo, zikawa shule za umma. Katika miaka iliyofuata elimu ya chuo kikuu ilikuwa ya serikali peke yake: UDSM, kisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, kisha Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya mwaka 1992. Nyegezi iliendelea mikononi mwa Kanisa kwa kuwa ilikuwa taasisi ya mafunzo ya ngazi ya kati.

Mlango ulifunguka kwa hatua. Februari 1992 serikali na makanisa, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, walitia saini makubaliano ya ushirikiano katika elimu na afya. Mwaka 1995 marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliunda baraza la ithibati la elimu ya juu, na hapo ndipo taasisi binafsi zikapata njia ya kisheria ya kuomba kuwa vyuo vikuu. Baraza hilo lilipokewa mwaka 2005 na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, tunayoijua leo.

Ukipanga tarehe hizi mfululizo utaona kwamba maaskofu hawakuchelewa. Walitumia nafasi ndani ya miaka mitatu tangu ipatikane.

Je, chuo kinamilikiwa na watawa Waagustino?

Hapana, ingawa jina linawachanganya watu wengi. Waagustino ni shirika la kitawa lililopo na linalofanya kazi Tanzania, lakini SAUT ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, TEC. Si ya Jimbo Kuu la Mwanza pia, ijapokuwa liko jirani na lina mchango wake.

Jina linamheshimu Mtakatifu Augustino mwenyewe, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo, mwaka 354, akawa askofu wa Hippo, na kufariki tarehe 28 Agosti mwaka 430. Kaulimbiu ya chuo, Kujenga Mji wa Mungu, inatokana na kitabu alichoanza kukiandika baada ya Roma kutekwa na Wagothi mwaka 410. Kuna jambo linalopendeza hapa: Mapadre Weupe waliojenga Nyegezi, shirika lao lilianzia nchi ileile ya Augustino.

Nini hasa kinafanya chuo kikuu kiitwe Katoliki?

Wengi hutazama kanisa lililomo ndani ya kampasi, au rangi ya joho la makamu mkuu wa chuo. Vigezo ni vya kisheria. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 808, zinasema hakuna chuo kikuu kinachoruhusiwa kujiita Katoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa, hata kama kwa matendo ni cha Kikatoliki. Kisha kuna hati Ex corde Ecclesiae ya Papa Yohane Paulo II, ya tarehe 15 Agosti 1990, wiki chache tu kabla hajaja Tanzania Septemba mwaka huo. Hati hiyo ndiyo mwongozo wa vyuo vikuu Katoliki duniani kote: inataka uhuru wa kitaaluma uheshimiwe, dhamiri ya kila mtu iheshimiwe, na idadi ya walimu wasio Wakatoliki isizidi ile ya Wakatoliki ili chuo kisipoteze sura yake.

Chuo kinaweza kuanzishwa na Vatikani, na baraza la maaskofu, na askofu mmoja, na shirika la kitawa, au hata na walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, wakipata ridhaa. SAUT ni cha baraza la maaskofu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu kilichopo hapa Dar es Salaam kina asili tofauti: kilianzishwa na shirika la masista kutoka India.

Usichanganye chuo kikuu Katoliki na taasisi za kikanisa zinazotoa shahada za teolojia, falsafa au sheria za Kanisa kwa mamlaka ya Vatikani. Hizo zina kanuni zake nyingine.

Kwa hiyo chuo kama SAUT kina mabwana wawili kisheria. TCU inakagua mitaala, sifa za wahadhiri, maktaba na majengo. TEC inasimamia mali, uongozi na mwelekeo. Rais wa Baraza la Maaskofu ndiye Mkuu wa Chuo, cheo cha heshima na usimamizi wa juu. Anayeendesha shughuli za kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Ukiandika barua ya malalamiko ya ada au matokeo kwa Mkuu wa Chuo, umeipeleka pasipo stahili. Anza na ofisi ya msajili au mlezi wa wanafunzi.

Mbona ninasikia SAUT ya Mtwara, ya Tabora, ya Iringa? Ni chuo kimoja au vingi?

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo, na unastahili maelezo marefu.

Kuanzia mwaka 2000 SAUT iligeuka kuwa mama wa vyuo vingi. Maaskofu waliona ni rahisi zaidi jimbo moja moja kuanzisha chuo kishiriki chini ya SAUT, kwa kutumia majengo ambayo Kanisa lilikuwa nayo tayari, kuliko kila jimbo kuomba kibali cha chuo kikuu kipya. Chuo kishiriki kina mkuu wake, kampasi yake na hesabu zake, lakini mitihani na shahada ni za chuo mama.

Moshi kilianza Mwenge, kikijikita kwenye ualimu. Mwanza mjini, juu ya kilima cha Bugando, kikaanza chuo cha sayansi za afya mwaka 2003. Hospitali yenyewe ya Bugando ina historia inayofanana na ya shule: Kanisa liliijenga, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa muda mfupi baadaye, kisha ikarudishwa kwa maaskofu kwa makubaliano ya mwaka 1985 huku serikali ikiendelea kushiriki. Bila hospitali hiyo kubwa ya rufaa, kozi ya udaktari isingewezekana kabisa, kwa sababu mwanafunzi wa udaktari hafundishwi na vitabu pekee, anahitaji wodi. Mantiki hiyohiyo ilifuatwa Ifakara, ambako chuo cha afya kiliegemea Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Iringa kikaja Ruaha mwaka 2005. Mtwara kikaja Stella Maris, Tabora kikaja chuo kilichopewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, Bukoba kikaja chuo cha kumbukumbu ya Kardinali Laurean Rugambwa. Morogoro, taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani ikakua na kuwa Jordan.

Kwa nini vyote viliota ndani ya muongo mmoja? Mambo mawili yalikutana. Kuanzia 2004 serikali ilipanua elimu ya sekondari kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, shule za kata zikaenea, na ghafla nchi ikahitaji walimu wenye shahada kwa maelfu. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ilianza kazi, na mwanafunzi wa chuo binafsi naye akaweza kukopeshwa. Mahitaji yalikuwepo, fedha ikapatikana. Ndiyo maana vyuo vingi kati ya hivi vilianza na shahada za ualimu.

Ukuaji wa haraka una gharama zake, na ni haki kusema hivyo. Majengo yaliyojengwa kwa seminari au shule ya bweni hayakukusudiwa kubeba mihadhara ya mamia ya watu. Wahadhiri wenye shahada ya uzamivu walikuwa wachache nchi nzima, na vyuo vikagombania haohao. Chuo kilichotegemea kozi za ualimu peke yake kiliyumba ajira za walimu zilipopungua. Waliosimama imara ni wale waliopanua kozi mapema au waliokuwa na hospitali nyuma yao.

Katika miaka ya 2010 baadhi ya vyuo hivyo vilijitenga na kuwa vyuo vikuu kamili: Mwenge, Ruaha, na kile cha Bugando kinachojulikana kwa kifupi kama CUHAS. Vingine vilibaki vishiriki. Hali hubadilika, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya jirani. Angalia orodha ya vyuo vilivyosajiliwa kwenye tovuti ya TCU siku ile unayotaka taarifa.

Dar es Salaam ina nafasi gani katika historia hii?

Kubwa kuliko inavyosemwa. Sekretarieti ya TEC iko Kurasini, na huko ndiko mambo mengi ya umiliki wa chuo yamepitia. Kardinali Rugambwa, aliyefanywa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, mwaka uleule wa Nyegezi, aliliongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa 1968 hadi 1992, yaani miaka yote ya kungoja tuliyoieleza juu.

SAUT ina kituo chake mjini katika eneo la Msimbazi Centre, Ilala. Kituo si chuo kishiriki: ni tawi la kampasi kuu, na uamuzi wa kozi zipi zifundishwe hapo hutoka Nyegezi na kuidhinishwa na TCU. Kabla ya kulipa ada yoyote ya kusoma Msimbazi, hakikisha kozi unayoitaka imeandikwa kwenye mwongozo wa udahili kwa kituo cha Dar es Salaam, si kwa Mwanza tu.

Halafu kuna kufanana kwa majina. SAUT si Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu kilichopo Mbezi Luguruni kando ya Barabara ya Morogoro. Wala si Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Dodoma, ambacho ni cha Waanglikana. Kila mwaka kuna waombaji wanaojaza fomu ya mtakatifu asiye wao, na ada ya maombi hairudishwi.

Kampasi ya Nyegezi iko wapi, na mtu wa Dar anafikaje?

Kampasi kuu iko Malimbe, eneo la Nyegezi, takriban kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, karibu na Ziwa Viktoria. Ni ardhi ya miamba mikubwa ya mviringo, ileile inayoipa Mwanza sura yake, na majengo yamepangwa kufuata mwinuko wake. Majengo ya zamani ya NSTI ni ya chini na madogo. Kumbi kubwa na mabweni ya ghorofa ni za enzi ya chuo kikuu. Ukitembea kwa macho ya kudadisi unaweza kuisoma historia yote kwa ukubwa wa kuta.

Kwa basi unapanda Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Njia inapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Stendi ya Nyegezi iko kabla ya kufika mjini, kwa hiyo shuka hapo. Wageni wengi hukosea wakaendelea hadi katikati ya jiji, kisha wakalipa nauli ya kurudi walikotoka. Kutoka stendi chukua bajaji au bodaboda na utaje Malimbe, SAUT.

Usiseme tu “chuo cha Nyegezi”. Eneo hilohilo lina chuo cha uvuvi cha serikali, na pia Seminari ya Nyegezi ya Jimbo Kuu. Dereva atakupeleka pale alipozoea.

Kwa treni ya kisasa unaweza kwenda hadi Dodoma na kuunganisha basi. Kwa ndege, kumbuka uwanja wa Mwanza uko upande wa kaskazini, Ilemela. Lazima uvuke jiji zima kwenda kusini, na jioni foleni ni nzito. Panga angalau saa moja na nusu.

Mazingira ya kuishi yakoje?

Mabweni ya ndani hayatoshi wanafunzi wote. Wengi hupanga Malimbe, Sweya na Luchelele. Kagua mambo haya kabla ya kulipa kodi ya miezi sita: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, luku ni ya chumba au ya nyumba nzima, na njia ya kurudi usiku kutoka maktaba ina taa au haina.

Jambo moja tunalisisitiza kwa wanaotoka Dar, waliozoea kuogelea Coco Beach au Kigamboni. Ziwa Viktoria lina kichocho. Konokono wanaobeba vimelea huishi kwenye maji tulivu yenye majani kando ya ufuko, na vimelea hupenya ngozi bila kuhisi kitu. Usioge wala kuogelea ufukweni, hata kama wenyeji wanaoga. Aliyeingia majini akapime hospitali baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa mayai hayaonekani mapema kwenye choo. Dawa ipo na inatibu.

Je, hiki ndicho chuo kikuu Katoliki cha kwanza Afrika?

Hapana. Roma, Lesotho, kulikuwa na chuo kikuu kishiriki cha Kikatoliki tangu 1945, na Lovanium ya Kinshasa ilianza 1954. Jirani zetu Nairobi, maaskofu wa Afrika Mashariki chini ya umoja wao, AMECEA, walianza taasisi ya elimu ya juu mwaka 1984, ikapata hati ya chuo kikuu mwaka 1992 kwa jina la CUEA. Watanzania wengi, hasa mapadre na masista, walisoma huko kabla ya SAUT.

Asiye Mkatoliki anaruhusiwa kusoma?

Ndiyo. Udahili ni kwa sifa za masomo. Waislamu, Walutheri na wengine wamesoma pale tangu enzi za NSTI. Kuna misa na kuna masomo ya maadili yaliyomo kwenye mtaala, lakini hakuna anayelazimishwa ibada.

Ninaandika tasnifu kuhusu historia ya Nyegezi. Nianzie wapi nikiwa Dar?

Anza na magazeti, kwa sababu yanapatikana bila kusafiri. Gazeti la Kiongozi la Kanisa limekuwepo tangu 1950 na lilifuatilia kwa karibu mambo ya elimu. Tafuta nakala za zamani katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya UDSM Mlimani, Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi, na uulize pia TEC. Usitafute neno SAUT kwenye magazeti ya kabla ya 1998; hutalipata. Tafuta “Nyegezi”, “mafunzo ya jamii”, “Askofu Blomjous”.

Hatua ya pili ni Nyaraka za Taifa, Upanga. Huko kuna mafaili ya serikali ya mkoloni na ya miaka ya mwanzo ya uhuru kuhusu misheni, ushirika na ardhi ya Mwanza. Nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Nenda na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako, kitambulisho, na penseli. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na nyaraka za zamani. Raia wa kigeni lazima apate kwanza kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Tatu ni hazina ambayo wanafunzi wetu wanaisahau. Lavigerie aliagiza kila kituo cha Mapadre Weupe kiandike shajara ya matukio ya kila siku: nani kaja, mvua, magonjwa, ujenzi, ugomvi na machifu. Shajara hizo, kwa sehemu kubwa, ziko kwenye kumbukumbu za shirika huko Roma, Italia, na nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa. Usiposoma Kifaransa, weka gharama ya mfasiri kwenye bajeti tangu mwanzo, na usiamini tafsiri ya mashine kwenye majina ya watu na vijiji, kwa kuwa padre wa wakati ule aliandika Kisukuma kwa sikio la Kifaransa.

Mwisho, wahojini wazee. Waliosoma Nyegezi miaka ya 1960 sasa wamepita miaka 75, na wengine wanaishi hapahapa Dar. Usimuulize mzee mwaka tu, muulize nani alikuwa mkuu, chakula kilipikwa wapi, jengo gani lilikuwa halijajengwa. Majibu hayo ndiyo yatakayokusaidia kupanga tarehe, maana kumbukumbu ya mahali hudumu kuliko ya namba.

Nitajuaje kama kozi ninayoiomba imeidhinishwa?

Pakua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, si wa mwaka jana, na utafute jina la chuo, kampasi na kozi kwa pamoja. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 nchini kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka ule, na wengi walioshtuka ni waliotegemea mwongozo wa zamani. Maombi siku hizi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Kwa mhitimu wa kidato cha sita kiwango cha chini ni alama mbili za ufaulu mkuu zenye jumla ya pointi 4.0, kwa mwenye stashahada, wastani wa 3.0. Kozi za afya zinadai zaidi. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri ndani ya muda uliopangwa, la sivyo nafasi inapotea.

Nilisoma chuo kishiriki ambacho sasa kinajitegemea. Cheti changu ni cha nani, na nikikipoteza niende wapi?

Cheti ni cha taasisi iliyokutunuku siku ile ya mahafali. Ukihitimu Mwenge au Bugando wakati bado ni vyuo vishiriki, shahada yako ni ya SAUT, na usikubali mwajiri akwambie haifanani na ya mwenzako wa miaka ya karibuni. Mwombe chuo barua inayoeleza mabadiliko ya hadhi na uiambatanishe.

Ukipoteza cheti, utaratibu wa kawaida ni kuanza polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha kutangaza gazetini na kuapa hati ya kiapo kwa hakimu au wakili. Peleka vyote kwa msajili wa chuo kilichotunuku, pamoja na namba ya usajili, mwaka wa kuhitimu na jina lililokuwa kwenye orodha ya wahitimu. Kama ulibadilisha jina baada ya ndoa, ambatanisha hati ya kisheria ya mabadiliko, kwa sababu jina lisilolingana ndilo linalokwamisha maombi mengi kuliko ada. Nakala za matokeo ya masomo zihifadhiwe mahali pengine na cheti. Wahitimu wa NSTI wa kabla ya 1998 nao waandikie ofisi ya msajili Nyegezi, wakitaja jina la taasisi kama lilivyokuwa wakati huo, si SAUT.